Lala Nyuma ya Bunduki Yako

Mdogo wangu unayekwenda mafunzoni msimu huu, iwe mgambo wa kata yenu huko Mbinga, iwe JKT pale Mlale, iwe uaskari wa wanyamapori wa kijiji, nina neno la kukuambia kabla hujakabidhiwa silaha. Lile teke la bunduki linalokukosesha usingizi unaliweza. Unaliweza ukiwa na kilo 50 kama anavyoliweza mwenye kilo 90. Unaliweza wewe binti uliyetoka kuchuma kahawa, na unaliweza wewe kijana mwembamba wa Mbamba Bay ambaye wenzako wanakutania kwamba upepo wa mwera utakuangusha ziwani. Kinachotakiwa ni kujua kulala.

Nasema hivi kwa sababu mimi sikujua.

Nilikuwa na kilo 48 siku nilipolala kifudifudi mbele ya shabaha kwa mara ya kwanza. Usiku wa kuamkia siku hiyo hangani hakuna aliyepata usingizi. Kila mmoja alikuwa na kisa chake: kuna kuruta alivunjika bega, kuna mwingine alizimia, kuna mwingine bunduki ilimponyoka ikamtoa meno. Asubuhi nikajilaza upande upande, kama mtu aliyejinyoosha kivulini baada ya kulima, kitako cha bunduki nimekiweka juu ya fundo la bega. Mkufunzi aliyesimama nyuma yangu akanipa neno moja tu: "Kaza!" Nikakaza. Nilikaza meno, nikakaza shingo, nikakaza kidole, nikakaza hadi vidole vya miguu ndani ya buti. Kisha nikafumba macho yote mawili. Risasi tano zikatoka. Karatasi yangu ilirudi safi kama ilivyobandikwa. Jioni nilishindwa kuinua mkono kuchana nywele, na moyoni nikaapa kwamba bunduki ni kitu cha watu wengine.

Kiapo kile kilidumu siku nne. Siku ya tano akaja mkufunzi mwingine, mtu wa makamo, mtaratibu, wa sauti ya chini. Alinitazama nilivyolala, akachuchumaa kando yangu.

"Binti, unapigana na nani?"

"Na bunduki, afande."

"Bunduki haina ugomvi na wewe. Ipe njia ipite."

Akanishika visigino, akanivuta kama anayenyoosha mkeka, mpaka mwili wangu wote ukawa nyuma ya mtutu. Risasi iliyofuata niliisikia masikioni kuliko begani. Iligonga karatasi. Haikugonga katikati, lakini iligonga, na mimi nilikuwa nimefumbua macho nikiiona ncha ya bunduki ikipanda na kushuka pale pale ilipokuwa. Haya ninayokuandikia leo ni maelezo ya kile alichokifanya mtu yule kwa mikono yake ndani ya nusu dakika.

Tuanze na teke lenyewe, maana ukilipima utaona limepungua. Bunduki tunayoiita SMG hurusha risasi yenye uzito wa gramu 8 hivi, kwa mwendo wa mita 700 na ushei kwa sekunde, na gesi ya baruti ikiifuata nyuma. Kila kinachosukumwa mbele kinadai msukumo ule ule urudi nyuma. Lakini bunduki ina karibu kilo 4, yaani uzito wa risasi mara mia tano, ndiyo maana hairudi kwa kasi ya risasi. Inakurudia kwa mwendo wa kama mita 2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekwenda mbiombio kuwahi basi stendi ya Mbinga. Kitu cha kilo 4 kinachokujia kwa mwendo wa mtu anayewahi basi: teke lote ni hilo. Wewe uliyejitwisha ndoo ya lita 20 tangu darasa la tano ukapanda nayo kilima, wewe uliyepokea begani magunia ya kahawa yakishushwa kwenye lori, utashindwaje na hilo?

Kuna la pili, na hili ndilo lililonifungua macho. Risasi hukaa ndani ya mtutu kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo bunduki imerudi nyuma chini ya milimita 1. Lile teke unalolisikia begani linakufikia wakati risasi imeshaondoka na haina habari nawe tena. Basi karatasi yangu ilibaki safi siku ile kwa sababu yangu mwenyewe. Nilikuwa nalingoja teke. Nikasukuma bega mbele kulipokea, nikavuta triga kwa pupa, nikauinamisha mtutu kabla baruti haijawaka. Kwenye SMG, kati ya mfuo wa nyuma wa kulengea na ncha ya mbele kuna kama sentimita 38. Ncha ile ikisogea milimita 1, chini ya upana wa punje ya ulezi, risasi inakwenda kando sentimita 26 kwenye shabaha iliyo mita 100. Mshtuko mdogo wa bega unatosha kabisa kukutoa nje ya karatasi.

Mwili uliolala vibaya huumia. Ulioumia hukumbuka. Unaokumbuka hushtuka kabla ya wakati, na kadiri unavyoshtuka ndivyo unavyozidi kulala vibaya. Ukimwambia mtu aliye ndani ya mzunguko huo "kaza", unamfungia mlango. Ukimlaza sawa, umeukata mzunguko mahali unapoanzia. Ndiyo sababu naomba wakufunzi wanaosoma hapa walitafakari neno hilo kabla ya kulitamka tena. Vijana wetu ni wakakamavu tayari. Wanachokihitaji ni mikono ya mtu wa kuwanyoosha.

Tena nchi yetu imekuwa na somo hili tangu zamani. Panda milima ya Matengo uangalie shamba la ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, zikafanya miraba mteremko mzima. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuufukia udongo juu ya nyasi, shimo likabaki katikati na matuta pande zote, na maharage au mahindi yakapandwa juu ya matuta hayo. Mvua kubwa inapopiga kwenye mteremko ambao mtu wa tambarare asingethubutu kuutia jembe, maji hayakutani na ukuta. Yanakuta shimo, yanaingia, yanatulia, yanazama. Likijaa moja, yanamwagikia lililo chini yake. Kila shimo linachukua sehemu yake ndogo, na udongo wa mlima unabaki mlimani.

Mwili uliolala vizuri nyuma ya bunduki ni shamba la ngoro. Bega linachukua kidogo na kupitisha kwa kifua. Kifua kinapitisha kwa mgongo, mgongo kwa nyonga, nyonga kwa mapaja, mapaja kwa visigino, visigino kwa ardhi. Hakuna mahali pamoja panapobeba yote. Mwili wangu wa siku ya kwanza ulikuwa shamba lisilo na ngoro: maji yote yakashuka mahali pamoja, yakachimba korongo begani.

Basi tulale.

Anza miguuni, ingawa wengi huanza begani. Itanue miguu kupita upana wa mabega, vidole vikitazama nje, na visigino uvilaze mpaka viguse chini. Kisigino kilichosimama ni kigingi kilichong'oka: bunduki ikisukuma, mguu wote unacheza. Mwanzoni utahisi misuli ya ndani ya paja ikivutika, hasa kama umezoea kukaa kwenye kiti siku nzima. Itazoea. Baada ya miguu, bonyeza nyonga zote mbili chini. Nyonga iliyoinuka upande mmoja ni dalili kwamba umelala mshazari bila kujua.

Hapa kwenye mshazari nitakaa kidogo. Wazee wetu wengi waliopita jeshini walifundishwa kulala kwa pembe, miguu ikielekea kushoto na bunduki ikielekea mbele. Mlalo ule una sababu zake, hasa kwa anayeufunga mkono wake kwa mkanda wa bunduki na kupiga risasi moja moja bila haraka. Lakini tazama kinachotokea teke likija. Kitako kinasukuma bega la kulia, na nyuma ya bega lile hakuna mwili. Mwili uko kando. Bega linazunguka kurudi nyuma, mtutu unaruka juu na pembeni, na wewe unaanza upya kuitafuta shabaha yako. Kila mvuvi wa Liuli na Lituhi anajua jambo hili kwa lugha yake. Ziwa likichafuka huliachii wimbi ubavu wa mtumbwi. Unaligeuzia omo. Wimbi lile lile lingekupindua likikupiga ubavuni, na likija mbele linakuinua, linapita chini yako, linakurudisha ulipokuwa. Teke ni wimbi. Ligeuzie omo.

Kwa hiyo chora mstari akilini: utoke mdomo wa mtutu, upite kwenye kitako, uende sambamba na uti wa mgongo, uishie kati ya visigino vyako. Mwombe mwenzako asimame nyuma akutazame. Mabega yako mawili yawe sawasawa, hakuna lililotangulia. Jicho lake litakuambia ukweli kuliko hisia zako, kwa sababu mtu aliyelala hudhani amenyooka hata akiwa amepinda kama fyekeo.

Viwiko vinabeba kifua, navyo vikae mahali penye udongo mgumu, siyo juu ya kokoto zinazoteleza. Kama unatumia bunduki ya SAR, magazini yake ya risasi 10 ni fupi, unaweza kulala chini kabisa. SMG ina magazini ndefu ya risasi 30 inayogusa ardhi, hivyo itakubidi kuinua kifua kidogo, au kuweka mfuko wa mchanga chini ya kishikio cha mbele. Makuruta wengi wanahangaika na jambo hili dogo na hawathubutu kuuliza. Uliza. Mkufunzi anayestahili jina hilo atafurahi.

Halafu bega. Chukua vidole vya mkono wa kushoto uviweke juu ya mtulinga wa kulia, karibu na shingo. Ufuate mfupa ule kwenda nje, kisha shuka chini yake kidogo. Utakuta kibonde laini kati ya kifua na fundo la bega. Hapo ndipo nyumbani kwa kitako cha bunduki. Si juu ya mtulinga, ambao ni mwembamba na unavunjika. Si juu ya fundo, nilikoweka mimi. Si kwenye msuli wa mkono, ambako wavulana wengi huweka wakidhani nyama nyingi ndiyo kinga. Huko bunduki inateleza na kukuachia alama ya zambarau wiki nzima. Na ukishakiweka kitako kibondeni, kivute kikae. Ukiacha nafasi hata ya kidole kati ya kitako na mwili, umeipa bunduki uwanja wa kukimbilia: inajikusanyia mwendo wake wote kwanza, ndipo inakugonga. Ikiwa imekukumbatia tangu mwanzo, inakusukuma tu. Tofauti kati ya kugongwa na kusukumwa ni kidole kimoja cha nafasi, na ndiyo tofauti kati ya kuruta anayechukia shabaha na anayeomba risasi zaidi.

Kivute kwa nguvu kiasi gani? Kama mama anavyomshika mtoto mgongoni wakati wa kufunga kanga. Hamwachii aning'inie, wala hambani pumzi.

Laza shavu juu ya kitako mpaka shingo ilegee, uzito wa kichwa ubebwe na mti wa bunduki. Shavu liwe mahali pale pale kila mara. Sasa fumba macho, vuta pumzi, itoe, legeza kila kitu, kisha fumbua. Ncha ya bunduki inatazama wapi? Kama imehama kwenye shabaha, usiirudishe kwa mkono. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Mkono ukisukuma mtutu kwenda kwenye shabaha, risasi ikitoka mkono unalegea na mtutu unarudi ulikotaka kwenda tangu mwanzo. Sogeza nyonga. Sogeza visigino. Mwili wote ugeuke kama mtumbwi unavyogeuzwa na kasia la nyuma, mpaka ufumbuapo macho ncha iwe inakungoja pale pale. Rudia mara tatu, mara nne. Siku ya kwanza itakuchukua dakika nzima. Baada ya wiki mbili utalala chini na mwili utakuwa umeshajua.

Pumzi uitoe nusu, usubiri kile kituo kifupi kabla ya kuvuta nyingine, na triga uibane polepole mpaka mlio ukushtue. Bunduki ikishalia, usiachie. Endelea kuibana triga, endelea kuiangalia ncha. Ndipo utakapopata zawadi ambayo mtu aliyefumba macho haipati kamwe: utauona mtutu ukikusomea mwili wako. Ukipanda wima na kushuka palepale, umelala sawa. Ukiruka kulia, nenda kaangalie nyonga na miguu. Ukichelewa kushuka, kitako hakijakaa kibondeni. Huhitaji kusubiri karatasi iletwe ndipo uambiwe kosa lako. Bunduki yenyewe inakuambia kila inapolia.

Na ili uone thamani ya ardhi unayoilalia, sikia hili: pwani yetu ya Ziwa Nyasa ina kumbukumbu ya mlio mmoja mkubwa. Tarehe 13 Agosti 1914, vita vya dunia vikiwa na siku chache tu, meli ya Waingereza Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, iliijia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, wakati ule ikiitwa Sphinxhafen. Gwendolen ilikuwa na mzinga mdogo sitahani. Nikisimama ufukweni Liuli humfikiria yule mpiga mzinga: sakafu yake ilikuwa maji. Kila alipofyatua, meli nzima ilicheza chini yake, naye alilazimika kungoja itulie ndipo alenge tena. Hatimaye alipiga. Wewe, mdogo wangu, hutalenga juu ya maji. Una ardhi ya Ruvuma yote chini ya kifua chako, mwamba ambao hautikisiki kwa gramu 8 za risasi. Iegemee. Iachie kazi yake.

Na kama unadhani kulala sawa ni jambo la bunduki zenye teke peke yake, mtazame Sergei Martynov wa Belarus. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, katika shindano la kulala kifudifudi mita 50, alipiga risasi 60 za mchujo na zote 60 zikaingia kwenye duara la kumi. Duara lile lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, kama kitufe cha shati. Bunduki ya mchezo ule hutumia risasi ndogo kabisa, na teke lake mtoto angelivumilia. Alichokuwa nacho ni mwili unaorudi mahali pale pale mara sitini mfululizo. Hakuna msuli unaoweza kazi hiyo, kwa sababu msuli huchoka. Mfupa na ardhi havichoki.

Sasa niseme na ninyi mnaotaka uaskari wa wanyamapori, maana kwenu mambo yanabadilika. Pori la Akiba Liparamba liko mlangoni kwetu, likielekea mto Ruvuma na Msumbiji, na Chuo cha Likuyu Sekamaganga kule Namtumbo kimewafunza askari wa vijiji kwa miaka mingi. Huko unaweza kukabidhiwa bunduki ya aina nyingine kabisa. Ile ya .458, iliyoundwa kwa ajili ya tembo na nyati, hurusha risasi ya gramu 32 kwa mwendo wa zaidi ya mita 600 kwa sekunde. Bunduki inakurudia kwa kama mita 6 kwa sekunde, mara tatu ya SMG, na nguvu ya teke lake inakaribia mara kumi. Silaha hiyo usiilalie. Mtu aliyesimama, mguu wa kushoto mbele na kifua kimeinama kidogo, ana kiuno na magoti ya kurudi nyuma pamoja na bunduki. Aliyelala kifudifudi hana pa kurudi: ardhi imemzuia, na mtulinga unabaki kulipa. Msingi ni ule ule, kuipa nguvu njia ya kupita. Kwa bunduki ndogo njia ni ardhi iliyo chini yako. Kwa bunduki kubwa njia ni mwendo wa mwili wako. Anayeuelewa msingi hatasumbuliwa na silaha yoyote atakayopewa.

Na kwa nini nakazania haya kwa moyo wote? Kwa sababu ya wanyama, na kwa sababu ya akina mama na watoto wao. Tembo akiingia kwenye mahindi, au mamba akianza kuzoea mahali akina mama wanapochota maji mtoni, askari mwema hujaribu kwanza kufukuza, kupiga kelele, kuhamisha watu. Risasi ni ya mwisho. Lakini ikifika ya mwisho, lazima iwe moja na iwe sahihi. Nyati aliyejeruhiwa tumboni na askari aliyefumba macho ataingia kwenye majani marefu, na atakayekutana naye kesho yake ni mtoto anayekwenda shule. Uoga mdogo wa bega unaweza kugharimu mtu asiyejua hata bunduki inafananaje. Ukijifunza kulala, kusimama na kupokea teke bila kushtuka, unamlinda mtoto huyo.

Hofu yenyewe haiondoki kwa kuambiwa iondoke. Ina dawa yake, nayo ni mazoezi bila risasi. Mkufunzi akishathibitisha kwamba silaha haina kitu ndani, lala kama nilivyokueleza, mwenzako akuwekee sarafu ya shilingi 50 juu ya mtutu karibu na ncha, kisha bana triga. Sarafu ikidondoka, mkono wako umeshtuka. Rudia mpaka sarafu ilale kama iko mezani. Ukifika kwenye shabaha ya kweli, mwombe mkufunzi akujazie magazini mwenyewe, achanganye risasi za kweli na za mazoezi zisizolia, usijue ipi itafuata. Itakapofika isiyolia, utauona mtutu ukiinama peke yake mbele ya macho yako, pasipo baruti, pasipo teke. Mimi nilipoona hivyo kwa mara ya kwanza nililia, kisha nikacheka, kwa sababu adui niliyemwogopa siku zote alikuwa hayupo. Baada ya hapo nilipona haraka.

Ziba masikio yako pia. Sehemu ya kile tunachokiita teke ni mlio. Vizibo vya masikio havimfanyi mtu kuwa mnyonge. Vinamwachia akili yake isikie bega, pumzi na kidole. Na yote haya yafanyike chini ya amri na kwenye uwanja wa shabaha, kwa silaha halali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha, wala gobore lililofuliwa kichochoroni halina mzaha. Mtutu wa bomba la maji haujui njia ya kupitisha nguvu. Hupasukia usoni mwa aliyelaza shavu lake hapo. Usiliguse.

Kwa dada zangu hasa: ukisikia hangani wakisema shabaha ni ya wenye mabega mapana, usibishane. Nyamaza, kalale vizuri, karatasi ijibu. Mwili mwembamba uliopangwa mstari mmoja nyuma ya mtutu unapitisha teke vizuri kuliko mwili mkubwa uliolala kombo. Nimewaona wenye vifua vya kubeba mbao wakirudi na mabega meusi, na mabinti wa kilo 50 wakirudi wakiomba zamu ya pili.

Huna haja ya kungoja siku ya kuripoti kambini. Leo jioni tandika mkeka uani. Chukua mchi wa kinu, ndio bunduki yako ya leo. Lala kifudifudi, tanua miguu, visigino chini, nyonga chini, ncha ya mchi ikae kibondeni chini ya mtulinga, shavu juu yake, macho yakitazama jani moja la mgomba kule mbele. Mwite mdogo wako asimame upande wa mbele, aweke kiganja kwenye ncha nyingine ya mchi, akusukume mara moja, kwa nguvu ya wastani, bila kukuambia lini. Tazama jani lako limekwenda upande gani. Likihamia kando, sogeza nyonga, nyoosha mgongo, mwambie asukume tena.